Sindano za Stephania

Mke wangu Stephania alifariki mwezi wa tano. Mimi ni fundi cherehani, shule sikwenda. Herufi nimezijua uzeeni, naye ndiye aliyenifundisha. Nitaandika kidogo.

Tunakaa Minto, pembeni ya Sydney, Australia. Nasema tunakaa. Ninakaa.

Matanga yalikuwa yamalizwe siku ya arobaini, hapa nyumbani. Binti yetu Joyceline alitaka fulana zenye picha ya mama yake, kama wafanyavyo watu wetu. Picha hatukuwa nayo. Stephania akiona kamera alikuwa anageuka. Ile ya pasipoti amekodoa macho kama anahojiwa na polisi. Nikasema hiyo haivaliki.

Joyceline akasema, "Baba, kile kiwanda cha mama kimefunguliwa watu wakitazame. Majengo mawili yamebaki. Wametundika picha za zamani. Labda mama yumo."

Nikafurahi. Geti la kiwanda kile nalijua vizuri.

Stephania alizaliwa Baraka, upande wa Kongo, pembeni ya Ziwa Tanganyika. Yeye alisoma, mimi nilichunga mbuzi za mjomba. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa Masumbuko. Watu wenye bunduki waliingia kwetu asubuhi, yeye ametoka kuchota maji. Alikuwa na miaka kumi na sita. Wakampiga risasi na ndoo yake mkononi.

Tulipomzika nilisema neno mbele ya watu. Nilisema: "Mtu wa nyumba yangu akishika bunduki, sitakaa matanga yake." Kwetu neno la kaburini halifutwi kwa kusahau. Stephania alinisikia.

Tukavuka kwenda Kigoma, tukakaa kambini miaka tisa. Yeye alifundisha watoto chini ya turubai, mimi nilishona sare. Mwaka 2007 tukaletwa Sydney, sisi wawili. Faili la Joyceline lilikuwa limetengana na letu, akabaki kambini.

Stephania akapata kazi kiwandani, ng'ambo ya Liverpool, mtaa wa hapahapa Sydney, yeye na mdogo wake Marie-Jeanne, aliyetutangulia kufika.

"Kiwanda cha nini?" nikamuuliza.

"Cha vyerehani."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fundi hana kazi, mke anaunda vyerehani! Nikamwambia, "Basi usiwe unarudi mikono mitupu." Krismasi ile akaniletea pakiti ya sindano. Krismasi iliyofuata, nyingine. Sindano nzuri, hazikatiki. Kanisani nilijisifu: hizi zimetoka kazini kwa mke wangu. Watu walikuwa wananiangalia tu.

Mchana nilimpelekea ugali na dagaa. Mkate ulimpa kiungulia. Nilipanda basi na hotpoti mapajani, nikasimama nje ya uzio mpaka atoke. Juu ya geti palikuwa na bango kubwa.

"Limeandikwa nini pale?"

"Jina la mwenye kiwanda."

Nikamwomba anifundishe kusoma. Akasema nisubiri, kazi inamchosha. Nikasubiri miaka minne. Mwaka 2012 kiwanda kikafungwa. Wiki ileile akaja na daftari na penseli, akanikalisha meza ya jikoni. "Haya, mzee wangu, tuanze."

Sasa hizo picha. Tulikwenda Jumamosi. Bango halikuwepo tena, limebaki geti. Jengo ni la matofali mekundu, paa lake kama meno ya msumeno. Ndani, picha zimepangwa ukutani kwa miaka.

Ya kwanza, wazungu wenye masharubu. Mbele yao bunduki zimesimamishwa kama majembe dukani. Nikasema moyoni, hawa wanapenda kukumbuka vita vyao. Ya pili, wanawake wamefunga vitambaa, mezani bunduki. Ya tatu, bunduki.

"Joyceline, vyerehani viko wapi?"

Nikaendelea mwenyewe. Nikavipata. Vyerehani vyeusi vimepangwa safu nzima, vinang'aa. Nikavionyesha kwa kidole, "Si hivi!"

Joyceline akasoma maandishi ya chini. Akasema taratibu, "Baba, vyerehani walitengeneza baada ya vita vya zamani. Miaka michache tu. Mama hajazaliwa."

"Halafu?"

"Halafu wakarudia bunduki."

Picha ya pembeni ilikuwa ya geti, na bango lake juu. Sasa nasoma. Nikasoma herufi moja moja, midomo inatikisika. Halikuwa jina la mtu. Neno lile la Kiingereza la silaha nalijua, kila siku liko kwenye taarifa ya habari.

Picha ya mwisho ilikuwa ya rangi. Wanawake wa kufungasha, siku ya mwisho ya kazi. Wawili wameshika bunduki moja, wameilaza mikononi kama watu wanaoonyesha mtoto mchanga. Mmoja Marie-Jeanne. Wa pili Stephania wangu. Kiganja chake kiko juu ya ule mti wa bunduki. Kidole kina pete yangu.

Nikaegemea ukuta. Mzungu mmoja akaleta kiti.

"Ulijua?" nikamuuliza mwanangu.

"Kanisa zima linajua, Baba. Mama alituapisha."

"Na sindano?"

"Alinunua dukani, Liverpool. Nilipofika mimi, nilikuwa namsindikiza."

Sindano za dukani. Nimeshonea suti za maharusi sindano za dukani na uongo wa miaka minne. Na daftari! Hakutaka nijue kusoma mpaka bango lishushwe. Nilikaa kwenye kile kiti nikahesabu vidole vyangu, sijui kwa nini.

Joyceline akasema, "Baba, tazama anaangalia wapi."

Wote wanaangalia kamera. Stephania ameangalia pembeni, anacheka meno yote nje. Ukingoni mwa picha kuna uzio. Nje ya uzio kuna mzee na kofia ya sufu, ameshika hotpoti.

Nikasema twende nyumbani. Fulana hakuna. Matanga sikai.

Siku mbili sikula. Siku ya tatu Marie-Jeanne akaja, hakubisha hodi.

"Baba Masumbuko, umemnunia maiti?"

"Nilisema neno kaburini, shemeji."

"Tulikusikia. Nani hakukusikia? Sauti yako kama tarumbeta." Akavuta kiti. "Ili Joyceline aletwe, walitaka mama yake awe na kazi ya kudumu. Tulizunguka miezi saba. Waliotuchukua ni wale tu. Wewe ungefanyaje?"

"Angeniambia."

"Akuambie, halafu umkatalie mtoto? Au ukubali, uvunje neno lako mwenyewe? Alikusitiri, mzee."

Nikaitazama pakiti ya sindano mezani.

"Bunduki ya kwanza aliyofungasha alikwenda kutapika chooni. Kila siku, mwezi mzima. Baadaye akajifunza kutazama dirishani. Saa sita anasema, yule anakuja na kofia yake mbaya. Ndipo anapata kumeza mate." Akanitazama. "Sasa sema. Dada yangu atakaliwa matanga na mumewe, au hatakaliwa?"

Nilimwangalia. Mzee sasa, magoti yamevimba. Bunduki ile waliishika wawili.

Nikamwambia Joyceline aombe picha ile. Alitaka kukata bunduki, abakize uso. Nikasema, "Ukiikata, mimi nimejua nini? Chapa yote. Na uzio."

Kwetu neno lililosemwa mbele ya watu linaondolewa mbele ya watu, kwa kutema maji. Siku ya arobaini nyumba ilijaa mpaka jikoni. Wote wamevaa Stephania kifuani. Fulana yangu ilinizidi, nikaipunguza asubuhi kwa sindano ya pakiti ya mwisho. Niliposimama na kikombe, mtu akasema, "Mzee, kapeti ni la mwenye nyumba!" Watu wakacheka. Marie-Jeanne akasema, "Twendeni nje." Wote wakatoka, wakajaa kwenye nyasi mpaka karibu na mapipa ya taka.

Nilisema: "Masumbuko, mwanangu. Nilisema neno siku ya kukuzika. Mama yako alishika bunduki ili dada yako aje. Mimi nilimpelekea chakula, nikala naye pale getini. Sikujua. Ningejua, sijui ningefanya nini. Neno lile naliondoa."

Nikatia maji mdomoni. Yalikuwa baridi, meno yakauma. Nikayatema kwenye nyasi. Marie-Jeanne naye akachukua kikombe, akatema. Joyceline naye, ingawa hakuna aliyemwambia.

Tukarudi ndani. Wakanitandikia mkeka karibu na ukuta, nikaketi.