Kinywa cha Mama kwenye Barza

Mimi tangu utotoni ni mtu wa kuchunguza. Mama alikuwa akiniita polisi. Na kitu kilichonisumbua kuliko vyote mtaani kwetu Kindu, karibu na reli, ni hiki: kwa nini mwanamke akienda kwenye barza, kikao cha shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, lazima awe na kinywa?

Kinywa alikuwa mwanaume wa kumsemea. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake nyuma yao kwenye mikeka. Mwanamke mwenye neno alimnong'oneza kinywa chake, na huyo akasimama akalisema. Kwa kawaida alikuwa mumewe. Mume asipokuwepo, ndugu wa mume.

Baba hakuwepo. Wakati wa vita alipanda treni kwenda Kongolo kutafuta chumvi, njia ikakatika nyuma yake, hatukumwona tena. Basi kinywa cha mama kikawa baba mdogo. Na baba mdogo huyohuyo ndiye aliyeitaka parseli yetu, kiwanja chenye nyumba ya matofali mabichi na michikichi miwili. Alitaka mama achukue watoto arudi kwao Pangi. Jamani! Anayekunyang'anya ndiye anayekusemea.

Siku ya barza nilijipenyeza hadi ukutani. Mama alinong'ona kwa muda mrefu. Baba mdogo alisikiliza kwa heshima zote, akasimama, akasema, "Anasema amekubali."

"Muongo!" Mama aliruka kutoka kwenye mkeka. Wazee wakamzomea, eti mwanamke hapigi kelele barzani. Mimi nilikuwa namwangalia shefu. Alijua ni uongo; niliona jasho shingoni mwake. Lakini aliwatazama wazee, akatazama chini, akasema kesi itasikilizwa tena Alhamisi. Nilimchukia siku hiyo, sifichi.

Mama na wanawake wenzake hawakumchukia, na hilo lilinishangaza. Kesho yake walimfuata nyumbani kwake, mikono mitupu, wasije wakaambiwa wamemhonga. Mimi nilikuwa nyuma yao, bila kualikwa.

"Shefu," akasema jirani yetu, mama muuza mawese, "ile wakati askari walikuwa wanakamata wanaume, nani alikuficha?"

"Njo ninyi, wamama."

"Tulikuficha sababu tunakutaka. Sasa unaogopa nini?"

Shefu alijikuna goti. "Niko naogopa kubaki peke yangu," akasema mwishowe. "Wazee wakiniacha, niko shefu wa nani?"

"Wa kwetu," akajibu muuza mawese.

Alhamisi wanawake walifika mapema, wakatandika mikeka kulia na kushoto kwa kiti cha shefu. Wazee walipokuja hawakupata nafasi karibu naye, wakabaki wanaguna mlangoni. Shefu alisimama.

"Leo vinywa vikae. Nataka kusikia mwenyewe mwenye maneno."

Mama alisema kidogo tu, wala hakulia. Parseli ilibaki yetu, na tangu siku hiyo wanawake wa kartie yetu wanajisemea.

Siku hizi mashirika yanakuja na madaftari kuwafundisha mashefu usawa wa wanawake na wanaume. Nami nahudhuria, nauliza maswali mpaka wananichoka. Mwaka jana nilimuuliza shefu wetu, sasa ni mzee, nini hasa kilimpa moyo Alhamisi ile.

"Mafunzo ni mazuri, mutoto wangu," akacheka. "Lakini kama wamama hawangekaa karibu yangu, ningenyamaza tena."

Nilidhani nimemaliza uchunguzi wangu. Kumbe bado.

Mwaka huu baba mdogo aliletwa barzani. Amepooza upande mmoja, maneno yake hayasikiki vizuri, na wanawe wanataka kuuza nyumba yake angali hai. Wanadai baba yao ameshakubali.

"Nani atakusemea, baba?" shefu akamuuliza.

Baba mdogo akainua mkono wake mzima, akamwonyesha mama.

Nilitaka sana kujua kama mama atamlipiza, maana mimi ningemlipiza, wallahi.

Mama aliinuka polepole kwa sababu ya magoti. Akainama, akatega sikio kinywani mwa baba mdogo, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akasimama wima, akawageukia wale vijana.

"Shemeji yangu anasema hakubali."