Shikamoo Iliyotupeleka Ngumbo

Niliondoka Mbinga kwa sababu ya salamu. Kadi ya harusi ilinikuta kwenye cherehani, nikiwa na suruali ya mtu magotini. Habili wa Ngumbo, kule ufukweni mwa ziwa, alikuwa anamwoza binti yake Neema. Chini ya maneno yaliyochapwa aliongeza ya kwake kwa kalamu: "Njoo na ngoma. Njoo ujifunze kuniamkia."

Inabidi nieleze. Mimi na Habili tumezaliwa mwaka mmoja. Ujanani kila mmoja alikuwa kapteni na mpigaji ngoma wa kikundi cha mganda, yeye cha Ngumbo, mimi cha Litembo. Mganda kwetu ulikuwa kitu cha nidhamu: kaptula nyeupe, soksi mpaka gotini, mashati yaliyopigwa wanga wa muhogo mpaka yanasimama yenyewe, ngoma kubwa moja mbele, na mistari ya vijana wakivumisha vibuyu. Kila kibuyu kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa mvumo. Watu wa ziwani walipokuja kwetu kushindana, tuliwaelekeza njia ya mlima iliyo ndefu kuliko zote, tukiwaambia "ni hapo tu." Walifika wameishiwa pumzi, nasi tukawashangilia kwa adabu. Tulipokwenda kwao, walitulaza vizuri, wakatuogesha, na asubuhi tukakuta utando wa vibuyu vyetu umetobolewa, kibuyu baada ya kibuyu. Walitusaidia kutafuta buibui. Walitafuta kwa bidii sana.

Mashindano ya mwisho yalifanyika Mbinga, mvua ikaja katikati, mwamuzi akakimbia na karatasi zake. Hapo mimi na Habili tukapeana mkono kwenye matope: siku tutakayoshindana tena, kapteni atakayeshindwa atamwamkia mwenzake Shikamoo mbele za watu, na ataendelea hivyo maisha yake yote. Kisha tukaoa, tukatawanyika, vikundi vikafa. Lakini kila tulipokutana, miaka yote hiyo, tulisalimiana kwa "Vipi, bwana," kila mmoja akisubiri.

Ijumaa asubuhi, saa moja, tukatoka Mbinga kwa pikapu ya Oswini. Tulikuwa saba, mdogo kabisa ana miaka hamsini na minne. Oswini ni mkulima wa kahawa wa Litembo, mtu mwenye hasira za karibu na vibuyu vizuri kuliko vyetu sote. Mbele pamoja naye alikaa Gaudensi, mwalimu mstaafu, mpuliza filimbi wetu. Mimi nilikaa nyuma nimeikumbatia ngoma, kwa sababu sikumwamini mtu mwingine.

Tukiwa tunapita kwenye mashamba ya mwisho ya kahawa, Gaudensi alifungua dirisha la nyuma akanionyesha mfuko.

"Zawadi ya Baba Neema," alisema. "Kahawa ya Oswini. Imekaangwa ikawa nyeusi kabisa, imesagwa kama poda."

"Hawajazoea kahawa," nikasema.

"Ndiyo maana."

Mpigaji ngoma mwenye mikono inayotetemeka hata msalaba hawezi kujichora vizuri. Sisi wenyewe kahawa hatuinywi, tunaiuza. Nikafunga dirisha, nikaanza kuifurahia safari.

Mbamba Bay tulifika joto limeshapanda. Tuliposhuka kunyoosha miguu, niliigonga ngozi ya ngoma: ilikuwa imelegea kama shavu la mzee, hewa ya ziwa imeshaifikia. Pale tulimpakia Mama Zuhura, mwenye duka la vitambaa, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Yeye ndiye aliyeuza vitambaa vya harusi, na pande zote mbili tulikubaliana awe mwamuzi. Alipanda mbele, Gaudensi akahamia nyuma.

"Mimi huku sina kijiji," alituambia kabla gari halijaondoka. "Litembo si kwetu, Ngumbo si kwetu. Mtu asiniletee samaki, asiniletee maharage. Nitasema ninachokisikia."

"Na kahawa?" Oswini akauliza.

"Hata kahawa."

Tulipita Liuli, tukafuata ziwa, na saa tisa alasiri tukaingia Ngumbo. Habili alitupokea njiani. Amenenepa, kichwa kimebaki na nywele za pembeni tu, lakini ile namna yake ya kusimama, kifua mbele kama anakaguliwa na gavana, ilikuwa ileile.

"Vipi, bwana," akasema.

"Vipi, bwana," nikajibu.

Mkewe, Mama Neema, alinipeleka pembeni kunionyesha pa kuweka ngoma. Hakuwa anacheka.

"Shemeji, nakuomba kitu. Wakwe zetu ni watu wa Songea. Baba wa bwana harusi alikuwa ofisa, mtu wa tai. Posa ilikwama miezi kwa sababu walisikia familia yetu ni ya ngoma, haina uzito. Pigeni ngoma zenu, lakini msimfanye mume wangu kichekesho."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimebeba mfuko wa kahawa mkononi wakati naahidi.

Jumamosi asubuhi tukaketi kula wote pamoja, vikundi viwili uso kwa uso, chini ya turubai la harusi. Mama Neema na dada zake walileta samaki aina ya mbasa wa kukaanga, mbasa wa mchuzi, dagaa wa nazi, na mlima wa ugali wa muhogo unaovutika. Habili mwenyewe alitupakulia.

"Ongeza, bwana. Huko mlimani mnakula majani."

Mimi si mjinga. Nilijua ugali wa muhogo ukishuka tumboni unakaa kama mgeni asiyeaga. Lakini kukataa chakula cha mwenyeji ni aibu, na mbasa yule alikuwa mtamu. Nikala, nikaongezwa, nikala. Wakati huohuo Oswini alikuwa anazunguka na birika.

"Wazee wa Litembo hawaendi uwanjani bila vikombe vinne," alisema bila haya.

"Vinne?" Habili akauliza.

"Kapteni vitano."

Habili akanywa vitano. Tulitazamana juu ya vyombo, kila mmoja akimkirimu mwenzake kwa moyo mweupe kabisa, na nadhani ndipo nilipojua kwamba anajua. Alikuwa anajua na anakunywa, kama mimi nilivyojua na nikala. Hakuna aliyetaka kuonekana anaogopa.

Saa nane mchana, baada ya kanisa, uwanja wa mchanga ulijaa. Wakwe wa Songea waliketi mstari wa mbele, mzee mwenye tai katikati, mkongojo kati ya magoti. Tulizikausha ngoma kwenye moto wa mabua mpaka ngozi zikalia vizuri.

Ngumbo walianza. Habili alipiga mpigo wa kwanza, nikaona mkono unaruka kabla yeye hajauruhusu. Mpigo wa pili ukaukimbiza wa kwanza. Wazee wenzake wakajitahidi kumfuata, macho yamewatoka, vibuyu vinavuma kama nyuki waliochokozwa, mmoja akageuka kushoto, mwingine kulia, na wa mwisho mstarini alimaliza wimbo akiwa peke yake na kuanza upya. Watoto walipiga makofi sana. Mzee mwenye tai hakupiga.

Tukaingia sisi. Nilitaka kuinua goti kama zamani, tumbo likakataa. Gaudensi alipuliza filimbi, ikatoka na harufu ya dagaa. Tulicheza polepole, polepole zaidi, kwa sababu hatukuweza vingine, na ngoma yangu ikawa inapiga, inatafakari, inapiga. Lakini miguu saba ilishuka pamoja, na ilipopanda, pale ilipopanda, ilipanda pamoja.

Mama Zuhura alisimama, akajifunga khanga vizuri.

"Hawa wa mlimani wamecheza kama watu waliolala," alisema. "Ila wamelala pamoja. Hawa wa ziwani wameamka, lakini kila mtu ameamkia kwake. Litembo wameshinda."

Oswini alirusha kibuyu juu. Mimi sikuweza hata kuruka. Nilisimama tu, na ile furaha ikanipanda kutoka magotini. Nilikuwa nimesubiri ujana mzima na utu uzima wote.

Habili akaweka mkwiro wa ngoma chini, akaanza kunijia. Watu wakasogea kuona, maana Ngumbo nzima ilijua lile sharti. Alipopita mbele ya wakwe, nilimsikia mzee mwenye tai akiuliza, "Anakwenda wapi?" Kijana mmoja akamweleza: mshindwa anamwamkia mshindi, kama mtoto. Yule mzee akamgeukia mkewe, midomo ikabana. Sikuhitaji kusikia alichosema. Nyuma yao alisimama Mama Neema ameshika sinia, ananiangalia.

Habili alikuja bila kupunguza mwendo, kifua mbele, mikono bado inatetemeka kwa kahawa yetu. Nikaona angeisema. Alikuwa ameahidi kwenye matope, naye angetimiza mbele ya watu wale, siku ya harusi ya binti yake. Alikuwa amebakiza hatua mbili, mdomo unafunguka.

Nikawahi. Nikainama mpaka mgongo ukalalamika, nikasema kwa sauti ya uwanjani: "Shikamoo, Baba Neema!"

Nikasikia Oswini nyuma yangu akisema, "He!"

Mzee mwenye tai alimwinamia yule kijana. "Mbona umesema mshindwa ndiye anayeamkia?" Kijana akababaika. "Basi huyu mkwe wangu ni mkubwa wao," mzee akasema, akafungua mikono, akapiga makofi, taratibu, na mkewe akamfuata.

Habili alinishika mkono. Aliushika muda mrefu kuliko salamu inavyotaka, akaubana mpaka vidole vikaniuma, na macho yake yalikuwa na maji. Nikadhani atanishukuru. Akavuta pumzi, akajibu ili watu wote wasikie:

"Marahaba, mwanangu. Shule mnaendeleaje?"

Jumapili tulirudi. Habili alitusindikiza na kapu la mbasa wa kubanikwa. Mpaka Mbamba Bay, tulipomshusha Mama Zuhura, Oswini hakunisemesha. Naye mama yule alipokuwa anashuka alinitazama, akasema tu, "Mimi uamuzi wangu haujabadilika," akaingia dukani.

Katikati ya mlima injini ilichemka, tukasimama kuisubiri ipoe. Ziwa lilikuwa chini kabisa, limetandazwa. Oswini alishindwa kuvumilia.

"Miaka yote ile, Otmari. Tumeshinda kihalali, halafu unamwinamia! Umetuuza kwa nini?"

"Kihalali na vikombe vitano?"

"Usinibadilishie habari."

Nikamweleza aliyoniambia Mama Neema. Alisikiliza huku akikitazama kifuniko cha rejeta kama ndicho chenye makosa. Kisha Gaudensi, mwalimu wetu mwenye heshima zake, akaanza kukohoa, na kikohozi kikageuka kicheko.

"Na mimi nimemwamkia," akasema. "Leo asubuhi, wakati wa kuaga. Nilitaka nione inakuwaje."

"Ikawaje?" Oswini akauliza.

"Akaniambia nikanawe uso, nisichelewe namba shuleni."

Tulicheka mpaka tukashika ubavu wa gari. Oswini ndiye aliyechelewa kuanza, na ndiye aliyechelewa kuacha.

Watu wa Mbinga wananiuliza nimejifunza nini huko ziwani. Nimejifunza kwamba ushindi niliousubiri tangu sina ndevu ulikaa mikononi mwangu dakika chache, na dakika zile zilinitosha. Sikuhitaji kumwona rafiki yangu akiinama ndipo niamini. Nimejifunza pia kwamba Habili si mtu wa kurudisha fadhila. Kila Jumapili simu inalia, na lazima nianze mimi. Wanangu wamejua kwamba tulishinda, nimewaapia. Ila wakinisikia namwamkia mtu wa rika langu, nikisikiliza, kisha nikijibu kwamba ndiyo, hesabu nazielewa sasa, waendelee kula, wasiniulize.