Sukuma za Kwenye Ndoo

Juzi, katika duka la dawa za kilimo hapa Voi, mama mmoja aliweka kwenye kaunta jani la sukuma wiki lililojaa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani.

“Shamba lako ni eka ngapi?” muuzaji akauliza.

“Ni ndoo tu, chumbani kwangu. Tembo walimaliza za nje, watu wa mradi waliotufanyia semina wakasema tulime ndani.”

“Jaribu maji ya sabuni.”

“Nimenyunyizia mpaka sabuni imeisha. Wajukuu sasa wanakula ugali kwa chumvi.”

Muuzaji alishusha chupa, akasoma maandishi ya nyuma, akairudisha juu. “Hii si ya kupuliza mnapolala, mama. Labda utoe ndoo nje.”

“Nje kuna tembo, mwanangu.”

Muuzaji alicheka. Mama hakucheka.

“Na hao wa semina?”

“Walinipiga picha nikicheka na ndoo zangu. Siku hizi nikiwapigia simu hawashiki.”

Alilikunja jani lake, akatoka bila dawa.

Sisi tuliosoma tunalipenda sana neno suluhisho. Mahali fulani kuna ripoti yenye picha za rangi, na ndani yake mama huyu bado anacheka.