Sauti ya Mama Kwenye Gemu ya Waru

Mara ya kwanza mama yangu kunigombeza akiwa hayupo, nilikuwa saluni hapa Free Area, Nakuru, kichwa kimejaa rola.

"Polepole, wewe! Hizo ni waru, si mawe!"

Nilisimama wima. Nimepita miaka arobaini, nafundisha kompyuta katika chuo kidogo, na watu wazima huniita madam. Lakini sauti ile ikisema polepole, miguu yangu hurudi darasa la tatu. Nilitazama mlangoni, nikatazama nyuma ya pazia. Mama hakuwepo. Mama alikuwa Molo kwenye baridi yake, na sauti ilitoka kwenye simu ya msichana aliyekaa kiti cha pili akingoja kusukwa.

"Polepole, wewe! Hizo ni waru, si mawe!" ikasema tena. Baada ya sekunde nne hivi, tena.

"Pole, auntie," msichana akaniambia. "Ni gemu tu. Huyu mathe hanyamazi."

Nilijua ni gemu. Niliitengeneza mimi.

Hapa itabidi nieleze, na kueleza ndiyo kazi yangu. Likizo mbili mfululizo nilikaa nikiunda gemu ya simu. Mchezaji anaendesha lori lililojaa viazi, ambavyo huku tunaviita waru, kutoka Molo hadi soko la Nakuru. Barabara ina matope na mashimo. Ukikimbia, gunia linaanguka, na gunia likianguka, mama anapiga kelele. Ni hivyo tu. Niliiweka kwenye duka la mtandaoni ambako watu hununua programu za simu, nikangoja. Walionunua walikuwa watano. Wawili walikuwa dada zangu, na mmoja alikuwa mimi mwenyewe, nikijaribu kuona kama duka linafanya kazi.

Sauti niliipata shambani kwetu, siku lori lilipokuja kuchukua waru. Mama alisimama kando ya lori na gambuti zake za mpira, kitambaa kichwani, akiwasimamia vijana wa kupakia. Mimi nilikuwa pembeni, simu kwenye mfuko wa sweta. Nikabonyeza, nikarekodi. Sikumwambia. Niliona ni jambo dogo, kama kumpiga mtu picha akicheka.

Kilichonishangaza saluni hakikuwa sauti tu. Ni zile sekunde nne. Katika gemu yangu dereva wa kawaida humsikia mama mara moja au mbili hadi Nakuru. Nikamwomba msichana anionyeshe, nikaona magunia.

Magunia yangu mimi yalikuwa bapa, kilo hamsini, mdomo umeshonwa, kama sheria inavyotaka. Mimi ni mwalimu. Nilitaka watoto waone kitu sahihi. Magunia ya kwenye simu ile yalikuwa na vichwa. Yalikuwa lumbesa. Kila mtu wa huku anaijua lumbesa: gunia likijaa, unashonea kipande kingine juu kwa kamba, unaendelea kujaza mpaka gunia linaota nundu kama ya ng'ombe, na mnunuzi anakuapia kwamba hilo bado ni gunia moja. Sheria imeikataza, na soko halijasikia. Sasa kuna mtu aliyeifungua gemu yangu, akayavisha magunia yote lumbesa, na lori likawa zito juu, linayumba kila kona. Magunia yalimwagika kama mvua, na kila gunia lilikuja na mama yangu.

"Umeitoa wapi?" nikauliza.

"Kwa jamaa wa muvi, hapo mbele."

Duka la muvi ni kaunta moja, kompyuta moja na waya nyingi. Watu huleta flashi na simu zao, wanawekewa filamu, nyimbo na gemu, wanaenda zao. Nyuma ya kaunta alikaa mwanamume mwenye ndevu nzuri. Aliponiona akaruka.

"Madam! Niaje, madam? Karibu, kiti ni hii." Akakifuta kiti kwa mkono wa shati. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, na mmoja wa wale wazuri.

"Hii gemu ya lori umeitoa wapi?"

"Hiyo ni moto, madam! Hata watu wa Kabazi wanakuja kuiulizia."

"Ni yangu."

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Wacha! Ni wewe?"

"Jina langu liko ukurasa wa kwanza."

"Ule ukurasa nilitoa, madam. Ulikuwa unachelewesha watu."

Nilivuta pumzi. "Na nani alikufundisha kufungua programu ya mtu na kubadilisha vitu ndani?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku yake ya kuzaliwa. "Si ni wewe? Muhula wa pili. Ulisema tufungue tuone vile imeundwa, ndio tusiogope."

Nilikumbuka. Nilimpa alama zote.

Basi nikakaa nikaeleza. Nilieleza tofauti ya kufungua kitu ili ujifunze na kukifungua ili ukigawe. Nilieleza kwamba ukinunua gemu hununui gemu yenyewe, unanunua ruhusa ya kuicheza, kama mpangaji anavyopewa ufunguo bila kupewa nyumba. Wateja watatu waliingia, na hakuna aliyetoka.

"Kwa hivyo madam, nikinunua bado si yangu?" mmoja akauliza.

"Una ufunguo tu."

"Na nikipaka rangi?"

"Unamuuliza mwenye nyumba."

"Sasa huyu si amepaka rangi tu," akasema, akimwonyesha mwanafunzi wangu kwa kidole. "Na imependeza."

"Halafu madam, usikasirike," mwanafunzi akasema, "lakini magunia yako yalikuwa na makosa. Ni nani Molo anauza gunia bapa?"

"Sheria inasema..."

Duka zima likacheka, hata mama mmoja aliyekuja kuwekewa nyimbo za injili. Niliondoka na ahadi kwamba gemu ingeondolewa kwenye kompyuta ile, na njia nzima nilijihurumia. Nilijiona mtu aliyeibiwa.

Jumapili mchana mama akanipigia.

"Mami," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake, kwa hivyo hata akinigombeza hunigombeza kwa heshima. "Kuna mtu ameniweka kwenye simu."

Mama ndiye msomaji wa matangazo kanisani kwao. Amesoma miaka mingi, na ni kazi anayoipenda kuliko anavyokubali kusema. Jumamosi hupiga pasi koti, huandika tangazo upya kwa mwandiko wake, huvaa miwani yenye kamba. Harusi, mazishi, mkutano wa ujenzi, kondoo aliyepotea, yote hupita kwake, na kila moja hupata sauti yake ya kufaa. Jumapili hiyo alisimama, akasema "Bwana asifiwe," na kutoka benchi la vijana mtu akajibu kwa sauti nyembamba, "Polepole, wewe!" Benchi likapasuka kwa kicheko. Mama alisoma mpaka mwisho, akakunja karatasi, akampa mchungaji, akamwambia atafute mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata alisoma mzee mmoja wa kanisa. Aliruka mstari, akawaalika watu kwenye harusi ya marehemu. Mama alikuwa benchi la tatu, mikono mapajani, na dada yangu anasema midomo yake ilikuwa inasoma tangazo lile kwa usahihi, kimya kimya.

Hilo lilinichoma kuliko gemu. Jumamosi nikapanda Molo.

Nilimkuta ghalani akichagua mbegu, zile waru ndogo kama yai zilizoanza kuchipua. Nikavuta ndoo, nikakaa, nikachagua naye. Nikamweleza yote, nikianzia kwa mwizi. Mama ni msikilizaji mzuri. Hiyo ndiyo hatari yake.

"Kwa hivyo huyo kijana alichukua kitu yako bila kukuuliza."

"Ndiyo."

"Akabadilisha vile alitaka."

"Ndiyo, mama."

"Akapea watu."

"Watu wengi."

"Na umesikia vibaya."

"Sana."

Akachukua kiazi kimoja, akakigeuza, akakitupa upande wa vilivyooza. "Na sauti yangu, wewe uliniuliza lini?"

Nimewaeleza watu vitu vigumu maishani. Nimemweleza mzee wa miaka themanini barua pepe huenda wapi. Mara hii niliacha kueleza. Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Kelele ni yangu, siwezi kuikana," akasema. "Lakini wale vijana wakimaliza kupakia, mimi huwapa nini?"

"Chai."

"Na nawaambia nini?"

"Asanteni, Mungu awabariki, chai iko hapo."

"Hiyo iko kwa gemu?"

Haikuwepo. Lori likifika salama kwenye gemu yangu, kunalia muziki kidogo.

"Umeona? Ulichukua kelele, ukaacha chai. Sasa Nakuru yote inajua nusu yangu, na ni ile nusu mbaya."

Nikamwambia ningependa kuitoa sauti ile, ila haiwezekani. Nikaanza kueleza jinsi programu inavyotoka simu hii ikaenda ile, bila duka, bila waya, lakini aliinua mkono.

"Ni mbegu. Ukishapea jirani mbegu, si atapea jirani yake? Kama ilikuwa na ugonjwa, utapita shamba ya kila mtu ukiing'oa?"

"Hapana."

"Unawapa mbegu mzuri. Ile mbaya wataiacha wenyewe." Akasimama, akakung'uta sketi. "Nipeleke kwa huyo kijana. Na utafute ile chupa kubwa ya chai."

Jumanne tukaingia duka la muvi, mama mbele na koti la kanisa, mimi nyuma na chupa. Mteja mmoja alikuwa akitoka mbio, akamgonga begani.

"Polepole, wewe!" mama akasema.

Duka likaganda. Mtu mmoja akaangalia simu yake kuona kama imejiwasha. Mwanafunzi wangu akainuka kwenye kiti polepole, mikono kando, kama siku ya mtihani.

"Ni yeye," akanong'ona. "Ni mathe wa gemu!"

"Mathe wa gemu ni nani? Mimi ni mama ya mwalimu wako."

"Pole sana, shosho," akasema, kama anayemwita bibi yake. "Nisamehe, shosho."

"Nionyeshe."

Akatoa simu yake, maana kwenye kompyuta alikuwa ameifuta, akamwonyesha. Mama akavaa miwani, akalitazama lori likiyumba, magunia yakimwagika, yeye mwenyewe akipiga kelele. Nilingoja hasira. Akaweka kidole kwenye kioo. "Hii gunia ni ya ukweli."

"Mama! Lumbesa imekatazwa."

"Najua, mami. Lakini angalia vile imeshonwa."

Mwanafunzi wangu akajaribu kutotabasamu, akashindwa.

Kisha mama akatoa masharti yake, akiyahesabu kwa vidole. Ukurasa wenye jina la binti yake urudi, hata kama unachelewesha watu, wangoje. Na lori ikifika, mtu aseme asante. Feni ikazimwa, mlango ukafungwa, wateja wakaambiwa wasikohoe. Mama akaishika simu yangu kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe," akaanza. "Tangazo la kwanza..."

"Mama, ni ile ya chai tu."

Akajaribu tena, ikatoka kama mazishi. Akajaribu mara ya tatu, akatikisa kichwa. "Siwezi kusema chai iko hapo na haiko hapo. Huo ni uongo." Mwanafunzi wangu akakimbia jirani kuazima vikombe, mama akafungua chupa, akamimina. Alipoona kila mtu ameshika kikombe, hata yule aliyemgonga, uso wake ukalegea, na maneno yakatoka yenyewe, sauti ile ninayoijua tangu utotoni, ambayo sikuwahi kufikiri kuirekodi.

"Asanteni, Mungu awabariki. Chai iko hapo."

Ndipo nikajisikia nikimwambia mwanafunzi wangu, mimi niliyekuwa nimemhutubia kwenye kiti kilekile, "Sasa nakili. Mpe kila mtu. Wa Kabazi, wa Njoro, usimwache mtu."

"Madam, si ulisema hiyo ni wizi?"

"Ni wizi bila ruhusa. Hii ni ruhusa."

"Basi andika," akasema, na nikajivunia kumfundisha. Niliandika kwenye karatasi ya daftari. Mama aliisoma yote kwa sauti, mkato na nukta, kisha akatia sahihi kabla yangu. Sauti, akanikumbusha, ni yake.

Nakala mpya ilitembea. Baada ya muda mfupi nilianza kusikia sauti ya pili saluni, kwenye foleni ya benki, hata ofisini kwa mkuu wangu wa chuo: kelele, kelele, kelele, halafu asante. Watu walicheza kwa uangalifu zaidi, maana sasa palikuwa na sababu ya kufika. Kanisani, yule mzee aliruka mstari tena, akatangaza kondoo aliyepotea kuwa mgeni rasmi, na wiki iliyofuata mchungaji akaja kwa mama na karatasi mkononi.

Jumapili hiyo nilikuwepo. Mama alisimama na koti lake, akavaa miwani. "Bwana asifiwe." Kanisa likaitika. Benchi la vijana lilikaza midomo mpaka mabega yakatetemeka, lakini hakuna aliyethubutu. Akasoma harusi kwa sauti ya harusi na mazishi kwa sauti ya mazishi. Marehemu akabaki marehemu. Akafika tangazo la mwisho.

"Baada ya ibada, akina mama wameandaa..." akageuza karatasi, na katika nafasi ile ndogo benchi la vijana zima, kwa pamoja na kwa upole, likasema:

"Chai iko hapo."

Nilifumba macho. Wazee wakageuza shingo. Mama aliishusha miwani hadi kwenye pua, akalitazama benchi lile mmoja mmoja, kama anavyokagua mbegu.

"Iko," akasema. "Na vikombe mtaosha nyinyi."