Siku Tisini na Tisa za Ufalme Wangu

Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni, kwenye fleti yetu ya Thamesmead, hapa London, namimina tui la kopo kwenye wali. Ni tui ambalo bibi yangu angelionja mara moja na kuuliza limekufa lini. Binti yangu alikuwa ameiteka meza nzima kwa homework yake ya historia: madaftari, kompyuta, na biskuti alizokatazwa kula kabla ya chakula. Mara akashusha pumzi kwa nguvu ili nimsikie.

"Mum, this is mad. Germany had three emperors in one year."

"Wafalme watatu, mwaka 1888," nikamjibu bila kugeuka. "Wa kwanza alikufa kwa uzee. Wa pili koo lilimuua baada ya siku tisini na tisa. Wa tatu kijana mwenye masharubu. Na yule wa pili nilikuwa mimi."

Akaiweka kalamu chini. Binti yangu Kiswahili anakisikia chote, ila mdomoni hakitoki. "Mum," akasema, "you were what?"

Nikamsimulia, na wali ukashika chini. Sasa ngoja nikusimulie na wewe, rafiki yangu, maana kisa hiki nikikianza siwezi kukiachia njiani.

Nimekulia Pangani, kwa bibi mzaa mama. Kule mwaka ule huufundishwi kwanza shuleni, unaukuta nyumbani. Ndio mwaka ambao watu wa kampuni ya Kijerumani walikuja kupandisha bendera yao, wenyeji wakakataa, na vita vikawaka pwani nzima. Nilipokuwa darasa la sita ilitimia miaka mia moja, na mwalimu wetu wa historia akaamua tufanye mchezo wa kuigiza siku ya wazazi. Alikuwa mtu mfupi, mfuko wa shati umejaa chaki, na mawazo yake hayakufanana na ya walimu wengine. Sisi tulitegemea bunduki za mbao na kelele. Yeye akasema, "Mgeni alivyofanya alipofika hapa mnajua. Hamjui kwamba kwao, mwaka huohuo, walizika wafalme wawili." Basi mchezo ukawa na sehemu mbili, ya kwanza ikawa ya Ujerumani, ya pili ya kwetu na bendera ile.

Siku ya kugawa nafasi alininyooshea chaki. "Wewe," akasema, "mfalme wa pili." Nilirudi nyumbani mbio, viatu mkononi. Bibi alikuwa uani anachagua mchele. Macho yake yalikuwa yameshazibwa na mtoto wa jicho, mchana aliona mwanga na vivuli tu, lakini jiwe kwenye mchele halikuvipita vidole vyake. Nilipompa habari alicheka mpaka ungo ukatikisika.

"Haya, mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyonitania siku zote, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Nitakuja. Kuona sioni, nitakusikiliza."

Jioni ile akamwambia jirani yetu muuza vitumbua. Ukishamwambia muuza vitumbua, asubuhi mji mzima unakula habari hiyo pamoja na chai.

Kesho yake nikaujua ukweli. Mfalme wa pili hasemi. Alipokuja kushika ufalme ugonjwa ulikuwa umeshalimaliza koo, sauti hana. Alilotaka kusema aliliandika kwenye kikaratasi. Katika mchezo wetu mtu mwingine ndiye angekisoma. Mwalimu alinichagua makusudi, kwa kuwa jina langu halikukosa hata siku moja kwenye orodha ya wapiga kelele ubaoni. Darasa zima likacheka, na mimi nikajifanya nacheka.

Unaona shida yangu. Bibi asiyeona anakuja kumsikiliza mfalme asiyesema. Nitapita mbele yake na joho na taji, na hatajua kama nimepita. Kila siku akaniuliza, "Maneno yako yamefika mangapi?" Nami nikamjibu, "Mengi, bibi." Nilishindwa kabisa kumwambia. Alikuwa ameshatoa sandukuni doti mpya ya kanga, ameiweka kwenye kiti inangoja siku yenyewe. Niliona vibaya sana, na nikaendelea kudanganya.

Maandalizi, hata hivyo, yalikuwa matamu. Taji tulilikata kwenye maboksi ya majani ya chai, tukalifunika kwa karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Joho lilikuwa pazia la ofisi ya mwalimu mkuu, medali vifuniko vya soda. Mfalme yule alikuwa na ndevu nyingi, na sisi ndevu hatukuzitafuta mbali, kwa sababu mashamba ya mkonge yalikuwa hapo nje ya mji. Mkonge wenyewe uliletwa na Wajerumani haohao, na mwalimu akasema ndevu zimerudi kwa wenyewe. Tena kulikuwa na daktari wa kuitwa kutoka London, maana kweli aliitwa, na nafasi hiyo alipewa msichana mrefu kuliko wote shuleni, shingoni mpira wa baiskeli, usoni miwani isiyo na vioo. Mimi nilifundishwa kukohoa. Kikohozi cha kifalme, mwalimu alisema, ngumi mdomoni, mara mbili, basi.

Siku ikafika. Nyuma ya madarasa pilau ilikuwa inanukia tangu saa tatu, na watoto wadogo walikuwa wameshafukuzwa pale mara nne. Jukwaa letu lilikuwa baraza ya darasa la saba. Bibi alikaa benchi la mbele na doti yake mpya, pembeni yake muuza vitumbua wa kumwelezea. Mfalme wa kwanza akafa vizuri, akapigiwa makofi. Nikaingia.

Nikaandika kikaratasi changu cha kwanza, na msomaji akakisoma kwa sauti nene. Nikaandika cha pili. Bibi alikuwa ametega sikio huku shingo imenyooka. Kisha nikamsikia akimwambia mwenzake, ambaye kwa ndevu zile naye hakunitambua, "Huyu siye. Wangu anaingia saa ngapi?"

Rafiki yangu, machozi yalinijaa. Nikavuta pumzi ndefu nijizuie, na ule mkonge ukaingia kooni.

Kilichotoka hakikuwa kikohozi cha kifalme. Kilikuwa changu mwenyewe, kile cha miezi ya baridi kilichonishika tangu utotoni, kinachoanzia chini kifuani na kuishia na mluzi. Nilikohoa mpaka taji likaanguka na medali zikagongana.

Bibi akasimama. Hakushikwa mkono na mtu, alikifuata kikohozi. Akapanda barazani, mkono mmoja mbele, mwingine unafungua pindo la kanga alimohifadhi tangawizi na karafuu zake. Daktari wa London akasukumwa kando kwa kiwiko.

"Mke mwenzangu, nani kakuacha na kifua hiki?" Akapenyeza kipande cha tangawizi katikati ya ndevu. "Tafuna polepole."

Watu walicheka hadi mwalimu mkuu akafuta macho kwa tai. Mwalimu wa historia hakubabaika. Akatangaza kwa sauti kwamba mfalme amepata mganga kutoka Pangani, kisha akanifanyia ishara nife. Sikufa. Ningekufaje bibi kanishika mkono? Mfalme wa tatu alingoja mlangoni na masharubu yake ya masizi mpaka yakaanza kuyeyuka, na bendera ilichelewa kukataliwa siku ile, ingawa ilikataliwa.

Tukirudi nyumbani nikakiri yote. "Bibi, sikuwa na neno hata moja."

"Nimekusikia," akasema. "Nilikuja kukusikiliza, nimekusikia."

Bibi alifariki kabla sijapanda ndege kuja huku. Muuza vitumbua naye hayupo, na mwalimu sijui aliko. Mimi leo ni nesi hapa London. Wodini, kabla sijamgusa mgonjwa, lazima nimuulize jina na tarehe ya kuzaliwa, hata kama nimemhudumia wiki nzima. Kazi inataka hivyo, na ni sawa. Lakini kila nikiuliza humkumbuka yule ambaye hakuhitaji kuuliza wala kuona. Nilidhani mtu wa namna hiyo kwangu ameshakwisha duniani, na ukweli ni kwamba inaniuma.

Jumamosi ile, nilipomaliza kumsimulia binti yangu, nikaenda kufunua sufuria. Moshi wa wali ulioungua ukanipanda kooni, nikakohoa, kutoka chini kabisa hadi kwenye mluzi. Sikugeuka. Nilisikia kiti kikisogea na miguu ya soksi ikija nyuma yangu.

"Mama," akasema, "tangawizi iko wapi?"

Nikamwonyesha droo ya chini.