Sauti ya Dada Leticia

Juzi, darasani kwangu Buhongwa, nilimuuliza swali msichana wa kidato cha kwanza. Akasimama, Kiingereza kikamkwama. Nikamwambia akae, huku nikimkumbuka dada yangu Leticia.

Alasiri moja, nikiwa bado mdogo, uani kwetu Nansio palinuka dagaa walioanikwa juani. Dada alirudi mapema kutoka shuleni, akavua sare.

“Mama, shule sirudi tena.”

“Una nini, mwanangu?”

“Mwalimu akiniuliza, sauti haitoki. Ananiita bubu, darasa zima linacheka.”

Mama alishika tama. Leo naijua hofu ile, na chuoni nilifundishwa namna ya kumtuliza mtoto wa hivyo. Siku ile nilidhani koo linamuuma. Nikamletea maji ya moto yenye asali. Aliyanywa yote, akanishukuru, na shule hakurudi kamwe.