Sifuri Niliyompa Nasimiyu

Nakumbuka vizuri asubuhi ile niliyomfanya msichana mmoja akome kusema darasani. Mwanangu, si kumbukumbu ninayoipenda. Lakini juma lijalo unaanza mazoezi ya kufundisha Kiingereza, na ni afadhali uisikie kutoka kwangu mimi niliyekosa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka nyumbani Kachibora na kupangiwa shule moja ya kutwa nje kidogo ya mji wa Bungoma. Nilikuwa na suruali mbili nzuri, viatu vinavyong'aa, na Kiingereza nilichokipenda kuliko watu niliokuwa nikiwafundisha. Leo naweza kusema hivyo bila kuficha. Wakati huo ungeniambia, ningekasirika.

Kidato cha tatu walikuwa wakisoma tamthilia moja ya kale. Ndani yake kuna mzee muuza nguo ambaye mwanawe alikwenda vitani akapotea miaka mingi. Siku moja mwana anarudi, anabisha mlango wa baba yake, anajitaja jina. Mzee yuko ndani, anasikia kila kitu, na hafungui. Niliwapa insha: kwa nini mzee hakufungua? Jibu nililijua, maana lilikuwa kwenye mwongozo, kile kijitabu chenye maswali na majibu tulichokuwa tukikinunua sote. Mwongozo ulisema ni kiburi. Wanafunzi thelathini na tisa waliandika kiburi.

Wa arobaini alikuwa Nasimiyu. Msichana mrefu, mpole, aliyekaa karibu na dirisha. Yeye aliandika kwamba mzee alikuwa na hofu. Alisema mzee alikuwa ameshamlilia mwanawe na kumaliza, na sasa aliogopa kufungua akute ni mtu mwingine tu, aanze kulia upya.

Nilimpa sifuri. Hilo lingetosha kuwa kosa, mwanangu, lakini sikuishia hapo. Nilisimama mbele ya darasa nikaisoma insha yake kwa sauti, nikiigiza jinsi B inavyogeuka P mdomoni mwake, kama inavyogeuka kwa watu wengi wa huko. Darasa lilicheka. Na mimi nilicheka nao. Nasimiyu hakulia. Alikunja karatasi yake mara mbili, akaiweka ndani ya daftari, akaangalia nje.

Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena. Nikimwita asome, anasimama na kusema, "Sijui, Mwalimu," halafu anakaa. Majuma matatu. Nilijiambia ni uvivu.

Mkuu wetu wa idara ya lugha alikuwa Mwalimu Halima, mama wa makamo aliyekuwa akiishi karibu na msikiti wa mjini. Hakuwa mtu wa kelele. Kila muhula alikuwa akikusanya insha chache za kila darasa kuona tunavyosahihisha. Siku moja wakati wa chai ya saa nne aliniita kwenye meza yake, akaweka mbele yangu karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Mwalimu Kamau, hapa umeandika tu, 'Haimo.' Haimo wapi?"

"Kwenye mwongozo, Mwalimu."

"Na kwenye kitabu chenyewe?"

Ukweli ni kwamba tamthilia hiyo nilikuwa nimeisoma chuoni, nusu yake, nikiharakisha kabla ya mtihani. Baada ya hapo nilikuwa nikiishi kwa mwongozo.

Mwalimu Halima aliona jibu usoni mwangu. Akanimiminia chai, kisha akasema polepole, "Mimi sikuambii huyu mtoto yuko sawa. Labda hayuko. Lakini yeye amesoma, na wewe hujasoma, na wewe ndiye umempa sifuri. Hata hilo si kubwa. Nimesikia ulimfanya kichekesho mbele ya wenzake. Mtoto akikosea jibu unaweza kumrekebisha kesho. Akiamua kwamba kufikiri kwake ni jambo la aibu, nani atamrudisha?"

Mimi sikuimaliza ile chai.

Jumamosi nilikwenda nyumbani Kachibora. Watu walikuwa wakipukuchua mahindi, na mimi nilikaa juu ya gunia nikiwa na kitabu, mama akinitazama kwa mshangao maana alizoea kuniona nikisaidia. Nilisoma ukurasa kwa ukurasa. Nilipofika kwenye lile onyesho la mlango, nikakuta maelezo mafupi ambayo sikuwahi kuyatilia maanani: mzee anaweka mkono kwenye komeo, anautoa, anauweka tena. Mkono unatetemeka. Mtu mwenye kiburi angetetemeka kwa nini? Nilirudia mistari ile mara nne. Kiburi kilikuwamo, ndiyo, katika maneno aliyoyasema baadaye. Lakini hofu pia ilikuwamo, na aliyeiona ni Nasimiyu peke yake.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa lile lile. Nikasema, "Nilisahihisha insha ya Nasimiyu bila kusoma kitabu vizuri. Tena nilimcheka. Yote mawili ni makosa yangu. Nasimiyu, naomba unisamehe." Kisha nikamwomba atuonyeshe ni wapi aliiona hiyo hofu.

Akasimama, akafungua kitabu, akasoma habari ya ule mkono. Mvulana mmoja wa nyuma akaanza kucheka matamshi yake, akaona hakuna wa kumsaidia, akaacha.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Kaka yangu alipotea Mombasa miaka mitano, Mwalimu. Siku ile alirudi, baba alisimama tu ndani ya nyumba. Si ati alikuwa na hasira. Mama ndiye alifungua."

Kisha msichana mwingine akasema hakubaliani, kwamba mzee wa kitabuni aliona haya mbele ya majirani, akasoma mstari wake. Wakaanza kubishana, kila mmoja kidole kwenye ukurasa, hadi kengele ikalia na hakuna aliyeondoka. Nilikuwa sijawahi kuona darasa langu hivyo. Nilipotaka kumpa Nasimiyu alama zote ishirini, alikataa. "Hapa mwisho sikueleza vizuri, Mwalimu." Kweli hakuwa ameeleza vizuri. Nikampa kumi na sita.

Nasimiyu hakuja kuwa mwandishi wala mwalimu. Siku hizi ana duka la dawa za mifugo Endebess, na nikipita namkuta na riwaya chini ya kaunta. Kila mara tunabishana, na mara nyingi ananishinda.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Soma kitabu chenyewe kabla ya kusoma waliyosema watu juu yake. Mwongozo si adui, lakini usiuache ukusomee. Mwanafunzi akileta jibu usilolitarajia, usimwambie ndiyo wala hapana. Mwambie akuonyeshe ukurasa, kisha utazame naye. Asipoweza kuonyesha, mrekebishe kwa upole. Akionyesha, kubali, hata kama umeshaandika alama kwa kalamu nyekundu. Na matamshi ya mtoto usiyafanye kichekesho kamwe. Ukikosea mbele ya watu, omba msamaha mbele ya watu hao hao. Mimi nilidhani heshima yangu ingeisha siku ile, na kumbe ndiyo siku walipoanza kuniamini.

Nenda, Mungu akutangulie katika kila darasa utakaloingia. Akupe macho ya kusoma bila haraka na masikio ya kuwasikia walio kimya, na wale utakaowafundisha wakue wakiwa na ujasiri wa kusema waliyoyaona.